Daktari wa Simu Aliponiinamisha Ukingoni mwa Nyari

Kuna kwaya moja ya kina mama wa bara ambao kwenye simu zao wana picha wameinama wote ukingoni mwa korongo la Marafa, vidole mashavuni, na nikiulizwa walikuwa wakifanya nini huwa najitia sijui, lakini ninyi ni watu wangu na aibu hii nimechoka kuibeba peke yangu, kwa hiyo leo nawatolea yote. Niliyewainamisha ni mimi, na chanzo ni pua yangu.

Mnanijua nilivyo. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo miguu haijatulia: nimeuza madafu Malindi mjini, nimepaka rangi nyumba za Wataliano (nikiwauliza maswali mpaka wakawa wananikimbia), nimetembeza wageni kwenye mikoko ya Dabaso, na kila mahali nikishajua kazi inavyokwenda naondoka kutafuta nisilolijua. Ndiyo maana Bi Dama, mkuu wa waongozaji wageni kule Marafa, mama wa Kigiriama asiyepoteza maneno, alinipokea kwa majaribio tu. Siku moja jioni akaniambia, "Athumani, kesho kuna kundi. Ukiliongoza vizuri peke yako, nafasi ni yako. Ukiharibu, njia ya Malindi unaijua."

Na ile nafasi niliitaka, wallahi. Lile korongo, ambalo wenyewe wanaliita Nyari, lina rangi zisizokubali kukaa zile zile, asubuhi lina zake na jioni lina zake, nikawa nimelitazama kwa wiki kadhaa na bado sijalimaliza. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nataka kubaki mahali.

Sasa, mafua yalikuwa yamenishika, yakaniacha, halafu yakarudi na jamaa zake. Uso mzima ulikuwa mzito kama umejazwa saruji, meno ya juu yananiuma bila kutoboka, harufu sisikii, hata nikipitishiwa samaki aliyeoza chini ya pua namwambia karibu. Kwenda hospitali Malindi, nipange foleni, nirudi, ni siku nzima, na siku yenyewe ndiyo hiyo ya majaribio. Ndipo nikakumbuka kwamba siku hizi kuna madaktari wanaotibu kwa simu ya video, nami jambo geni nikilisikia lazima nilijaribu, nikajiandikisha, nikalipa, nikajibiwa kwamba daktari atanipigia kesho asubuhi na nisipopokea zamu yangu imepita. Saa ngapi hasa, hawakusema.

Kina mama wakafika, wamevaa vitenge vya sare, wachangamfu, na kiongozi wao ni Mama Wairimu, mtu wa kimo na sauti, aliyenisalimu kwa jina la Bwana kabla sijatoa langu. Nikawaongoza mpaka ukingoni, na pale pale, kabla hatujaanza kushuka (ukishashuka mtandao unapotea), simu ikatetema mfukoni.

Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema tu, jamani, nipeni dakika chache, naumwa na daktari ananipigia. Lakini nikaona mwongozaji mgonjwa siku ya majaribio ataonekana hafai, basi nikachomeka waya masikioni chini ya kilemba nilichojifunga, nikainua simu mbele kama mtu anayepiga picha, nikawaambia kwa sauti ya heshima kwamba hapa, kabla ya kushuka, huwa tunasimama kimya.

Wakasimama kimya. Watu wa adabu kabisa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Nikamnong'onezea kwamba siwezi kusema sana, naye akasema si neno, nifuate tu maelekezo na nitikise kichwa pakiuma. Akaniambia nibonyeze pembeni mwa pua. Nikabonyeza. Nigonge taratibu chini ya macho. Nikagonga. Niinamie mbele kama ninaokota kitu. Nikainama, na maumivu yakashuka usoni kama nimepigwa tofali, nikatoa "mmmh" ndefu bila kutaka, na nyuma yangu nikasikia "mmmh" nyingine, ndefu na tamu, imepangwa kwa sauti nne.

Nikageuza jicho chini ya kwapa. Kwaya nzima imeinama, vidole mashavuni, wanagonga.

Ningeweza kuwazuia hata hapo. Lakini walikuwa wamekolea sana, mmoja amefumba macho, mwingine anapiga picha, nami nikajiambia waache, wataona wamefanya jambo la kukumbuka. Aliyebaki wima ni Mama Wairimu peke yake, mikono kiunoni.

"Kijana," akasema, "mimi nimeokoka. Siinamii shimo. Hii ni ibada ya nini?"

Nikamjibu kwamba si ibada, mama, ni heshima tu, ni desturi ya wazee wa hapa tangu zamani (mimi mtu wa mtaa wa Barani, mjini Malindi, ambaye mila za Wagiriama nimezisikia kwa kusimuliwa tu), na huko kugonga mashavu ni kuliambia korongo tumefika kwa amani. Maneno yalikuwa yananitoka yenyewe, mazuri, yamenyooka, mpaka mwenyewe nikaanza kuyaamini. Mama Wairimu akawaza kidogo, akasema kama ni amani hana neno, naye akainama, ila alisema atagonga shavu moja tu.

Daktari akaniambia sasa nifungue mdomo na niwashe tochi ayaone meno. Katika kuipindua simu, waya ukachomoka, na sauti yake ikatoka nje, wazi, mbele ya korongo linalorudisha kila neno:

"Athumani, makamasi yako ni ya njano au ya kijani?"

Kisha Mama Wairimu, akiwa bado ameinama, akauliza, "Na huyu ni mzimu gani anayeuliza rangi ya makamasi?"

Niligeuka nikitafuta pa kuweka uso, nikamkuta Bi Dama amesimama kwenye njia na chupa za maji alizokuja kutuletea. Amesimama muda gani sijui, lakini macho yake yalitosha kuniambia kwamba ile desturi ya wazee aliisikia.

"Mjibu daktari," akasema.

"Ya kijani," nikasema, mbele ya kwaya.

Daktari akamaliza kazi yake bila kujua moto unaoniunguza: akasema hiyo ni sainasi, vile vijumba vya ndani ya mifupa ya uso vimeingiwa na vijidudu, na kwa kuwa mafua yalipungua kisha yakarudi kwa nguvu atanitumia cheti cha dawa, nizinywe mpaka ziishe, nisuuze pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na uso ukivimba au macho yakiingia ukungu nikimbilie hospitali. Mama mmoja akasogea akamwambia naye shavu lake limeuma alipoinama, na daktari akamwambia kwa upole ajiandikishe naye apate zamu.

Simu ilipokatika Bi Dama hakunigombeza. Alisema tu, "Sasa waambie wageni desturi hii ni ya nani." Nikawaambia, neno kwa neno, kwamba wazee wa hapa hawahusiki, kwamba ni uongo wangu na ugonjwa wangu, na nikawaomba radhi wao na Bi Dama, mwenyeji wa pale. Wengine wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama Wairimu hakucheka. Alinitazama, akasema, "Ungesema unaumwa tungekuombea," na hilo likaniuma kuliko meno.

Bi Dama akawashusha mwenyewe, mimi nikafuata nyuma na maji. Walipoondoka nikavua kitambulisho cha shingoni nikamwekea mezani.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui kuugua kazini, sijawahi kukaa kazi yoyote muda wa kutosha hata nikaugulia hapo.

Akakisukuma kitambulisho kurudi upande wangu. "Nenda kanywe dawa. Ukirudi utabeba maji nyuma yangu, na hadithi za Nyari utazisikiliza, hutazisema, mpaka mimi nikwambie sema."

Nimerudi. Pua imefunguka, na siku ya kwanza niliposikia harufu ya udongo wa kule baada ya mvua nilisimama njiani kama mpumbavu. Bado nabeba maji. Lakini nimekula yamini: mwili ukiniuma nitasema unaniuma, na nisilolijua nitasema silijui, hata wageni wangu wawe wamenyamaza wote wakinisubiri niseme.