Mashine ya Mzee Palmer

Harlan Tveit ni fundi wa matrekta hapa Lewistown, Montana. Watu humsifu kwa upole, na kweli hajawahi kumpigia mtu kelele. Lakini wivu wake, jamani! Asikudanganye mtu.

Wivu wenyewe ulikuwa juu ya mashine ya kujazia upya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Mkwewe, mzee Palmer, aliifunga kwa bolti kwenye meza ya gereji. Ukivuta mpini, nguzo ya chuma inapanda na ganda tupu. Ukiurudisha, fataki mpya, kile kidude cha kuwashia baruti, inakandamizwa kitakoni mwa ganda. Harlan ndiye aliyeitunza. Kila vuli, kabla ya msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, aliipangusa masizi ile nguzo, akatia tone la mafuta, kisha akalifuta mpaka chuma kikaonekana kikavu. Mzee hapo hakuwa na mchezo: mafuta yakizidi yanateremka kwenye fataki, na fataki ikilowa mafuta haiwaki ng'o.

Mzee akafa, mashine akaachiwa Duane, mume wa binti mdogo. Duane! Muuza bima asiyejua spana wala bisibisi! Harlan alimpa mkono wa pongezi, akatabasamu, na roho inamuuma vibaya sana.

Haukupita muda Duane akamjia karakanani. "Shemeji, ile mashine inalia kama mlango wa zizi. Niifanyeje?"

"Imwagie mafuta, bwana. Usiyafanyie uchoyo. Juu mpaka chini."

"Halafu nifute?"

"Ufute nini? Unataka ilie tena?"

"Ndiyo maana mzee alikuwa anakusifu!"

Alinisifu, akakupa wewe, Harlan alisema moyoni. Siku nzima alifanya kazi huku anapiga mluzi, akimwona akilini Duane yuko mlimani anafyatua, bunduki kimya, na mkahawa mzima unamcheka.

Sasa sikiliza. Arlys, mkewe Harlan, alikuwa akiomba kibali cha kuwinda dume la elki tangu nywele zake hazijaingia mvi, na kila mwaka kura ya vibali inamnyima. Mwaka huo ikamwangukia. Akarudi nyumbani anacheka peke yake, kashika boksi la risasi.

"Duane kanijazia. Dume langu nitalipiga kwa risasi za mashine ya baba."

Harlan aliweka uma chini. "Kwa nini usinunue za dukani?"

"Za dukani za nini? Wewe una wivu tu! Tangu baba afe, nikimtaja Duane unavimba kama andazi."

"Wivu? Mimi?"

"Wewe, ndiyo. Kula viazi vyako."

Hapo ndipo pa kusema. Lakini kusema ni kukiri kwamba alimpotosha mtu makusudi, tena mbele ya mke anayelikumbatia boksi la Duane kama mtoto mchanga. Akajiambia labda Duane alifuta. Akala viazi.

Asubuhi ya kwanza ya msimu walilala kifudifudi ukingoni mwa korongo, bega kwa bega. Dume likatoka kwenye misonobari, pembe zimepanda hivi, likasimama ubavu karibu kabisa. Arlys akalaza bunduki juu ya begi, akavuta pumzi, akafyatua.

Ka!

Risasi haikuwaka. Akavuta komeo la bunduki, akaingiza nyingine. Ka! Dume likainua kichwa, likawatazama, likashuka zake bondeni bila haraka.

Arlys hakulia wala hakumtukana Duane. Alimgeukia mumewe, ambaye bado alikuwa ameshika darubini kwa mikono miwili.

"Harlan."

"Pole, mpenzi. Yule Duane, nilijua tu atakuharibia—"

"Nimelenga, kidole kiko kwenye kifyatulio, na bunduki iko hapa karibu na sikio lako," Arlys alisema taratibu. "Mbona hukuziba masikio?"