Dari la Visanduku la Baba Mkwe

Bisibisi ilizama kwenye ubao kama inavyozama kwenye ndizi mbivu, mpaka mpini. Nilikuwa juu ya jukwaa la mirunda, kichwa karibu kigonge dari la kanisa letu hapa Ngana, na chini yangu mchungaji na wazee wawili wa kanisa walikuwa wameinua nyuso wakisubiri niseme neno. Nikachomoa bisibisi, nikaifuta maji meusi kwenye kanga, nikasema, "Pona ipo." Sikujua kama pona ipo. Nilijua tu kwamba nikisema haipo, kesho yake watapanda na misumeno.

Wakanipa muda mpaka Jumapili ya kipaimara. Kama mpaka hapo maji yataendelea kudondokea vichwa vya waumini, dari lote litashushwa na tutaweka jipsamu kama watu wengine. Mzee mmoja, ambaye ameweka jipsamu nyumbani kwake Mbugani na hachoki kuisifia, aliniambia hata usafi wake ni rahisi. Nilimjibu kwamba hata kaburi usafi wake ni rahisi. Sikupaswa kusema hivyo kanisani, lakini nilikuwa nimeshasema.

Dari lile halikuwa la mbao zilizopigiliwa misumari tu. Boriti nene zilikwenda kwa upana wa kanisa, nyembamba zikazikata kwa urefu, na kila zilipokutana ulibaki mraba. Ndani ya kila mraba, juu zaidi ya boriti, ulilazwa ubao wenye nakshi ya jani la mgomba, umezungukwa na kingo zinazopanda kama ngazi ndogo tatu. Ukikaa kwenye benchi ukatazama juu uliona masanduku yaliyogeuzwa mdomo chini, safu kwa safu hadi madhabahuni. Sisi tuliliita dari la visanduku. Hakuna mtoto wa Ngana ambaye hajawahi kuvihesabu wakati wa mahubiri akapotea njiani akaanza upya.

Nilipokuwa chuo cha ufundi, Mbeya, mwalimu wetu alituonyesha picha za madari ya namna hiyo kutoka nchi za mbali, mengine yamepakwa dhahabu juu ya vichwa vya wafalme. Akatueleza kwamba wajenzi wa zamani, waliojenga makuba mazito, walichimba mashimo ya mraba ili kupunguza uzito. Na wale wa mbao hawakubuni chochote. Boriti zikikatana, mraba unajizaa wenyewe, basi wakaona waupambe. Wanafunzi wenzangu walikuwa wanasinzia. Mimi nilitaka kunyoosha mkono niseme kwetu lipo, lakini nikaona haya, maana nilikuwa mwanamke peke yangu darasani na nilikwisha kuchoka kutazamwa.

Aliyelitengeneza ni baba mkwe wangu. Alikuwa kijana, akaonyeshwa na mmisionari picha moja kwenye kitabu, akaenda kukata mvule. Mume wangu alijifunzia useremala kwake, na mimi nikaolewa na mume wangu tukafanya kazi karakana moja. Mume wangu alifariki miaka miwili iliyopita. Aliniachia randa, patasi, deni la huzuni ambalo silimalizi, na swali moja ambalo sikuwahi kumwuliza: baba yako aliliungaje lile dari?

Mtu wa mbali atasema, si ukamwulize mzee mwenyewe, mbona yupo hai. Ndiyo, yupo, nyumba yake iko hatua mia kutoka kwangu. Lakini mimi ni mkamwana wake. Kwetu Wanyakyusa mkamwana humwogopa baba mkwe, wenyewe tunasema ukutila. Hamtazami usoni, hazungumzi naye, haingii anapoketi. Akisikia kikohozi chake njiani anajificha. Familia nyingi siku hizi zimeacha, na kuna zawadi na maneno ya kuulegeza mwiko huo, lakini kwetu hayakufanyika; mume wangu alikuwa akisema mwakani, mwakani, hadi mwaka ukamwisha yeye. Kwa hiyo miaka kumi na tisa nimejificha nyuma ya migomba, nyuma ya miti ya kakao, nyuma ya banda la kuku. Siku moja nilijificha nyuma ya ng'ombe, na ng'ombe akaondoka. Nilibaki nimesimama peke yangu na kanga usoni kama mwizi wa mchana.

Ungeniuliza sura ya mtu aliyetengeneza kitu ninachokipenda kuliko vyote, ningekuambia nazijua sandali zake.

Basi maswali yangu yote yalipita kwa mama mkwe. Yeye ni mwenyeji wa Ikombe, mzaliwa wa wafinyanzi, aliletwa kwa mtumbwi kuja kuolewa. Nilimpa maswali saba. Alikwenda ndani, nikasikia sauti ya mzee ikisema kwa muda mrefu, mara inapanda, mara inashuka. Mama mkwe akatoka.

"Amesema boriti zote ni mvule," akaniambia. "Amesema uanzie madhabahuni, uje nazo polepole kuelekea mlangoni."

"Maneno yote yale, mama, ndiyo hayo tu?"

"Mengine ni uzee, mwanangu. Mzee akianza kukumbuka, hamalizi."

Nikapiga goti nikashukuru. Nilikuwa na furaha, nakiri. Mvule hata ukilowa miaka, moyo wake haufi. Ina maana mbao za ndani ya visanduku zimeoza, boriti zimepona. Nikawaambia mchungaji na wazee kwa kinywa changu: boriti zote ni mvule, mtengenezaji mwenyewe amethibitisha. Wakaandika kwenye daftari lao la vikao.

Tukaanza kazi, mimi na maseremala wawili, watu wazima wenye familia zao. Mvua ya Kyela haina adabu. Tulikuwa tunaziba bati upande huu, inafungua upande ule. Nililala nikiota matone. Kila asubuhi nilipanda nikiwa na hofu ya kile nitakachokikuta, na kila asubuhi ubao mwingine ulikuwa umevimba na nakshi yake imeanza kumenyuka. Niliomba. Niliomba vibaya, kwa hasira, nikimwambia Mungu nyumba ni yake, kwa nini mimi ndiye ninayehangaika.

Sasa hapa ndipo penye kosa langu, na sitaki kulifunika. Fundi mwenye akili hutoboa kila boriti kwa bisibisi kabla ya kuipa mzigo. Nilitoboa zile za upande wa kuvuja, kabla sijapeleka maswali yangu kwa mzee. Nyingine zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi nzito na zilionekana kavu. Mmoja wa maseremala wangu akaniambia, "Dada, tuijaribu na hii ya tatu kutoka mlangoni, mlio wake siupendi." Nikamkatalia. Baba mkwe amesema ni mvule. Mkamwana gani atachoma bisibisi kwenye neno la baba mkwe wake? Ingekuwa sawa na kusimama mbele ya wazee na kusema mzee ni mwongo. Nikaamuru mbao mpya, zilizorandwa tayari, zipandishwe na kupangwa juu ya boriti ile ile ya tatu, maana ndiyo iliyokuwa karibu na ngazi.

Ijumaa saa saba mchana tulishuka kula wali na dagaa wa usipa kwenye baraza ya kanisa. Hilo ndilo lililotuokoa. Nilisikia mlio mmoja mkavu, halafu kimya kidogo, halafu kishindo kilichotoa vumbi hadi nje ya mlango. Boriti ya tatu ilikatika katikati. Kwa kuwa zile nyembamba zimeshikana nayo kwa ndimi zilizoingia kwenye matundu, ilivuta visanduku vya kushoto na kulia, mstari baada ya mstari. Nilipoingia, mabenchi manne yalikuwa yamevunjika. Nikaokota kipande cha boriti, nikakipasua kwa patasi. Ndani kilikuwa na weupe wa njano na unga wa wadudu. Nimepasua miti maisha yangu yote. Ule ulikuwa mwembe.

Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia mbele ya wanaume, wala sikujali. Kisha nikasimama nikaenda moja kwa moja kwa mama mkwe na kile kipande mkononi.

Alikuwa jikoni, anapepeta mchele. Nilikiweka kipande miguuni kwake.

"Mama, boriti ya tatu ni mwembe."

Akapepeta mara mbili, mara tatu. "Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu uliponituma. Alinipa maneno mengi. Nikakuletea machache."

Nilimwuliza yeye, aliyekulia kwenye vyungu, anayegonga chungu kwa kucha na kusikiliza kabla hajamuuzia mtu, kama angempa mtu chungu chenye ufa akapikie watoto wake. Aliweka ungo chini.

"Wazazi wangu walinitoa Ikombe kwa sababu ya dari lile," akasema. "Watu walilisimulia hadi kwetu. Walisema kijana aliyefanya vile ni mtu wa kweli. Miaka yote nimekaa kanisani nikitazama juu. Ningeanzaje kumwambia mkamwana wangu kwamba baba mkwe wake aliidanganya nyumba ya Mungu? Nilidhani itadumu. Imedumu siku zote hizi, nikasema itanisubiri na mimi nife."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini alikuwa ameanza kulia, na ni mama wa mume wangu.

Hapo ndipo nikasikia kikohozi nyuma ya ukuta wa mianzi. Miguu yangu ikajua la kufanya kabla yangu, ikageuka kukimbia. Nikaizuia. Mzee akaanza kusema, si kwa mkewe, kwangu.

"Mbao ziliniishia," akasema. "Siku ya kufungua kanisa ilikuwa imeshatangazwa, watu wameshachinja. Nikakata mwembe wa nyumbani, nikaupaka rangi, nikasema nitarudi kuubadilisha. Sikurudi. Nilimwambia mama yako akuambie usiiguse ile, uitilie nguzo kwanza, ndipo ufanye mengine."

Nilijifunika kanga usoni, kwa mazoea, ingawa ukuta ulikuwa kati yetu. Maneno yangu ya kwanza kwake katika miaka kumi na tisa yalikuwa lawama.

"Baba, kwa nini hukuniambia mwenyewe?"

"Kwa mdomo gani, mwanangu?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. Na mimi nilikuwa na mdomo, na nilikuwa na miguu, na hatua mia moja si safari.

Nikamwuliza kuhusu zilizobaki. Akasema zilizobaki zote ni mvule, alizikata mwenyewe, zitatuzika sisi sote. Akanieleza, pale pale nyuma ya mianzi, jinsi ya kuziba pengo: nguzo mbili, boriti mpya ya mvule, ndimi zikatwe kwa mshazari. Ilikuwa inawezekana. Katika kukata tamaa kwangu kote, hiyo ndiyo saa iliyoniuma zaidi baadaye, maana niliamini. Nilitoka pale nakimbia mpaka kwa mchungaji, na asubuhi yake wazee wakaketi.

Niliwaeleza vizuri. Niliwaambia theluthi mbili ya dari ni nzima, boriti ni mvule, mtengenezaji mwenyewe ameniambia kwa kinywa chake. Mzee wa jipsamu hakunikejeli, laiti angenikejeli. Alifungua tu daftari la vikao, akalisogeza mbele yangu kwa upole.

"Hata mara ile ulituambia zote ni mvule," akasema. "Mtengenezaji amethibitisha. Ni maneno yako haya, mama."

Nilisoma maneno yangu. Waliniuliza kama nina la kuongeza, nikasema sina.

Jumatatu walipanda na misumeno. Niliomba niwe mimi nitakayezitoa boriti, angalau zitoke kwenye matundu yake bila kukatwa, lakini kipaimara kilikuwa karibu na msumeno ni wa haraka. Kila boriti iliyokatwa nilikwenda kutazama kidonda chake. Zote zilikuwa nyekundu-kahawia, kavu, ngumu. Zote zilikuwa mvule.

Sasa kanisa lina jipsamu nyeupe, tambarare, yenye taa zinazobadilika rangi. Na mimi na baba mkwe tunazungumza. Mwiko ulipokwisha kuvunjika siku ile, hakuna aliyejua namna ya kuurudisha. Nampelekea uji asubuhi, namsalimia mugonile, baba, anaitika, nakaa karibu na kiti chake. Ana macho madogo na kovu kidevuni. Mume wangu alikuwa na kidevu hicho hicho. Kumbe ni msemaji. Ananifundisha dari: jinsi alivyopima mraba wa kwanza kwa kamba, jinsi ya kukata ulimi ili usilegee wakati wa masika, boriti ipi hutangulia na ipi hufunga. Hasahau kitu na haruki hatua. Mama mkwe akipita na ungo wake hututazama, kisha anapitiliza. Mimi nasikiliza mpaka amalize, namshukuru, ndaga fijo, baba, naondoka kwenda karakana, ambako wazee wa kanisa wameniletea boriti zake nizipasue ziwe madawati ya shule ya Jumapili.