Pindo la Sketi ya Dada

Shule niliyosoma siitaji. Si ile ya wasichana ya Kilakala, ambayo kila ukisema ulisoma sekondari Morogoro watu wanadhani ndiyo hiyo. Yetu ilikuwa ya kutwa, wavulana na wasichana pamoja, madirisha hayana vioo, na mwalimu wa nidhamu anatembea na mkasi kwenye mfuko wa koti. Hadi leo nakutana na watu tuliosoma nao pale wananiambia, "Lakini yule mwalimu alitunyoosha." Huwa nawaangalia tu, kisha nauliza habari za watoto wao.

Nilishuka kutoka Uluguru baada ya kufaulu darasa la saba, nikafikia kwa mama mkubwa, dada yake mama. Alikuwa na vyumba viwili Mji Mpya, akiuza mboga sokoni. Mume wake alifanya kazi kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kilipoanza kukata roho. Akapunguzwa pamoja na wenzake, akaenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya miwa, na huko akapotelea. Walikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, aliyesoma shule hiyohiyo niliyopangiwa mimi. Kwetu Waluguru mtoto wa mama mkubwa ni dada yako, habari za binamu tumezikuta vitabuni. Dada alikufa kwa homa akiwa kidato cha tatu, mwaka mmoja kabla sijashuka.

Baada ya arobaini nguo zake ziligawiwa kama ilivyo desturi. Gauni la sikukuu lilikwenda kwa shangazi, viatu kwa mtoto wa jirani, kila mtu akaondoka na chake. Sketi ya shule mama mkubwa aliizuia. Ilikuwa sketi ya marinda, tetroni ya kijani, kitambaa cha mwisho ambacho mumewe alikitoa kiwandani kabla ya kupunguzwa. Dada aliivaa muhula mmoja tu. Mama mkubwa aliiweka chini ya godoro, na siku nilipofika na kisanduku changu aliitoa akanipima kiunoni.

"Ivae," aliniambia. "Lakini haikatwi. Tutaikunja, ukikua tutaifumua."

Nilikuwa kafupi, basi akapandisha pindo la kiganja kizima akalishona kwa mkono, mshono mdogomdogo usioonekana. Nguo zangu nyingine nilifua mwenyewe. Ile sketi aliifua yeye kila Jumamosi, akaianika nje, akakaa karibu nayo mpaka ikauka. Mwanzoni nilidhani anaogopa wezi. Baadaye nikaelewa kwamba ile ndiyo ilikuwa zamu yake ya kukaa na mwanawe, nikawa natafuta kisingizio cha kwenda dukani.

Hizo zilikuwa zile enzi za ruksa. Vitu vilivyokuwa vikitafutwa kwa foleni sasa vilimwagwa barabarani: sabuni za kila rangi, viatu vya plastiki, redio, na marobota ya mitumba ambayo ukiinama vizuri unaibuka na sweta la Ulaya kwa bei ya mafungu mawili ya mchicha. Kila kitu ruksa. Isipokuwa ukiingia geti la shule yetu, huko ulikuwa unarudi nyuma miaka kumi. Sheria ilisema sketi ya kijani cha shule. Kijani cha shule kilikuwa kinafumwa na kutiwa rangi palepale mjini, na kiwanda kilishafungwa, mitambo inaota kutu. Madukani kulikuwa na kijani cha kutoka nje, kimoja kina umanjano, kingine kina ubuluu. Wazazi walinunua walichokipata. Mwalimu wa nidhamu alikiinua juani mstarini, mbele yetu wote, akauliza, "Hiki ni kijani cha wapi?" kisha mkasi ukatoka.

Siwezi kumpunja haki yake, mkasi aliujua. Suruali iliyobanwa kwa mtindo aliipasua kuanzia magotini kushuka chini, na mvulana akatembea siku nzima suruali inampepea miguuni. Soksi yenye mstari aliikata shingo. Kibanio cha rangi aliking'oa pamoja na nywele zilizokishika, halafu akamwambia msichana aokote nywele zake asichafue uwanja. Na sisi tulicheka. Ulikuwa unacheka kwa nguvu zote, maana anayecheka yuko nje ya duara, na uliomba Mungu ubaki hukohuko.

Wasichana tulikuwa na kipimo chetu. Kila Jumatatu tulipiga magoti kwenye changarawe mstari mzima, na pindo la sketi lilitakiwa liguse ardhi. Lisipogusa ni uhuni. Nilipofika kidato cha nne pindo langu liliacha kugusa. Sikuwa mhuni, nilikuwa nimerefuka, lakini changarawe haisikilizi maelezo. Mwalimu alipita nyuma yangu, akaingiza fimbo katikati ya pindo na ardhi, ikapita.

"Jumatatu ijayo iguse," alisema. "Na mjue, asiye na sare kamili mtihani wa taifa ataufanyia nyumbani kwao."

Zilikuwa zimebaki wiki chache kuufikia huo mtihani. Kwetu mlimani hakuna msichana aliyekuwa amewahi kuufikia, na mama yangu alikuwa ameshawatangazia watu mpaka kanisani ambako hata hakuwa anasali. Niliogopa.

Mama mkubwa hakuogopa. Alifurahi, ndiyo, alifurahi kabisa. Alichukua wembe jioni ile kabla giza halijaingia, akaketi kizingitini, akafumua mshono wake mmojammoja. Pindo likaanguka. Sketi nzima ilikuwa imepauka kwa jua na sabuni ya miaka ile, rangi yake haina jina tena. Chini yake kulikuwa na mkanda mpana wa kijani kibichi, kizito, kama jani la mgomba baada ya mvua. Mama mkubwa aliushika kwa vidole viwili.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema. "Alivyokuwa anaivaa yeye, ndivyo ilivyokuwa yote."

Jumatatu nilipiga magoti kwa raha. Pindo liligusa, likabaki na la ziada. Nilisikia viatu vya mwalimu vinakuja, vinasimama, haviondoki.

"Simama. Njoo mbele."

Nikaenda.

"Sare ya rangi mbili," aliwaambia wanafunzi. "Huyu amekuja na bendera. Bendera ya nchi gani hii?"

Shule nzima ilicheka. Niliwaangalia wanavyocheka, na nilijua kila mmoja anashukuru nini.

"Mwalimu, ni pindo tu, nimefumua ili iguse..."

"Nimekuuliza?"

Akachuchumaa mwenyewe. Nilihisi ubaridi wa chuma kwenye mashavu ya miguu. Alikata taratibu kufuata mstari wa rangi, rinda baada ya rinda, akinizungusha kwa kushika kiuno cha sketi, bila haraka. Na hiki ndicho kinachonipandisha hasira hadi leo kuliko hata fimbo: ule mkanda aliokuwa anaukata ndio ulikuwa kijani cha shule. Kile hasa. Kilichokuwa kinasomwa kwenye sheria kila Jumatatu, kilichowafanya watoto wa watu warudishwe nyumbani, kipande cha mwisho kilichobaki pengine katika shule nzima kilikuwa kimening'inia miguuni mwangu, na yeye alikuwa anakiondoa kwa kuwa hakifanani na kilichopauka. Hakukijua alipokiona.

Alipomaliza akaniambia nipige magoti. Nikapiga. Pindo halikugusa ardhi, lingegusaje? Akanichapa kwa kosa la sketi fupi.

Nilitembea kwenda nyumbani nimeishikilia sketi kwa nyuma kwa mikono miwili. Wanaume waliokaa kwenye vijiwe walisema waliyoyasema. Mama mkubwa alikuwa amesharudi kutoka sokoni. Aligeuza upande wa chini wa sketi, akatazama ukingo uliokatwa, nyuzi zinaning'inia, akauliza neno moja tu:

"Kipande kiko wapi?"

Sikujua. Shule sikurudi, tulizunguka madukani siku mbili tukitafuta kijani, na kila muuzaji alituhakikishia kwamba chake ndicho chenyewe. Kisha mwanafunzi mwenzangu wa mtaani kwetu akaniletea habari, akitabasamu kwa sababu hakujua sketi ile ilikuwa ya nani. Mwalimu alikuwa amekikunja kile kipande akampa kiranja, na sasa ndiyo dasta ya darasa letu.

Kesho yake mama mkubwa hakwenda sokoni. Alioga, akavaa doti ya kanga iliyokuwa mpya kuliko zote alizonazo, moja kiunoni na nyingine kichwani, tukaenda. Mkuu wa shule, mwanamke mwenye haraka, alisikiliza tukiwa tumesimama. Alisema urefu ndio kanuni, kipande kikirudishwa sketi ikagusa ardhi yeye hana neno, rangi itavumiliwa mpaka mtihani, tukamwambie mwalimu wa nidhamu. Nilitoka pale nikiamini mambo yamekwisha.

Mwalimu alikuwa anafundisha Hesabu darasani kwetu. Mama mkubwa alisimama mlangoni, mimi nyuma yake. Yule mwalimu angeweza kuwa mwanawe wa kwanza. Mama mkubwa alikunja magoti kidogo, akasema:

"Shikamoo, mwalimu."

Hata wale watukutu wa nyuma waliinua vichwa. Kwa umri wake yule mwalimu alitakiwa ashtuke, aseme hapana mama, shikamoo wewe, acheke hata kwa aibu. Nilimsubiri afanye hivyo. Nilimwombea afanye.

"Marahaba," alijibu.

Mama mkubwa alimweleza tulichoambiwa ofisini. Lafudhi yake ya mlimani ilizidi alipokuwa na wasiwasi, na mtu mmoja upande wa dirishani aliiigiza kwa sauti ndogo. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, amekaza uso. Nadhani kilichomuuma ni kwamba tulipita kwa mkuu kwanza.

"Kama mkuu amesema, amesema," alijibu. "Rangi nitaisamehe. Lakini hii sasa ni dasta, mama. Dasta ni mali ya shule. Nikikupa wewe, mimi nafutia nini?"

"Nitaleta kitambaa kingine, mwalimu. Leo hiihii."

"Nina kipindi sasa hivi. Ubao umejaa."

Ulikuwa umejaa kweli, tarakimu hadi pembeni. Dasta ilikuwa juu ya meza, nyeupe yote kwa chokaa ya chaki, ungedhani ni kipande cha shuka. Mama mkubwa aliitazama. Halafu akapeleka mkono kichwani akaivua kanga.

Hatukuwa tumezoea kumwona kichwa wazi hata nyumbani. Nywele zake zilikuwa chache na nyeupe, na masikio yake yakaonekana makubwa. Mtu alicheka nyuma, akaacha. Mwalimu alitia mkono mfukoni, akatoa mkasi, akamgeuzia upande wa kushikia.

"Kata mwenyewe, mama. Usije ukasema nimekuchania nguo."

Nilitaka kumnyang'anya ule mkasi. Nilitaka kumchoma nao, nasema kama ilivyokuwa. Mama mkubwa alinisogeza kwa kiwiko bila kunitazama, akatandika kanga juu ya dawati la mbele, mwanafunzi aliyekaa pale akaondoa daftari lake. Alikata kuanzia kwenye pindo kuingia katikati ya maua, mkasi unatafuna badala ya kukata kwa kuwa ulikuwa umeshaanza kuwa butu. Alipomaliza alikikunja kile kipande mara nne, akakipeleka mezani kwa mikono miwili. Ndipo akachukua chake. Alikikung'uta mara moja tu, chaki ikamrukia kifuani na usoni, akakiingiza ndani ya blauzi yake haraka kana kwamba ameiba.

Alijifunika tena kichwa kwa kanga iliyobaki. Upande mmoja haukufika.

Mwalimu alikuwa ameshageukia ubaoni. Alifuta mstari wa kwanza, akarudi nyuma hatua moja kuangalia, akafuta wa pili. Ubao ulitoka mweusi safi.

"Mnaona?" alituambia. "Hii ndiyo dasta. Pamba. Ile tetroni ilikuwa inateleza tu."

Darasa likacheka.

"Ahsante, mwalimu," mama mkubwa alisema kutoka mlangoni.

"Haya, mama," alijibu bila kugeuka. "Na kesho sketi ije imepigwa pasi."