Toleo Halijulikani

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili Kasulu, fundi wa kompyuta niliyehamishiwa huku kutoka Singida, nilipopewa kazi ya kuweka programu mpya ya orodha ya wanafunzi katika shule mbalimbali. Programu ilikuja kwa namna mbili, moja ya Windows za zamani na nyingine ya mpya. Ili nisihangaike na kila mashine, niliandika skripti, yaani maagizo mafupi ambayo kompyuta inayafuata yenyewe: ijiulize ina toleo gani la Windows, kisha ichague programu inayoifaa. Pale Kasulu haikukosea hata mara moja, nami nikaanza kujiona.

Ilipofika zamu ya shule ya Warundi katika kambi ya wakimbizi ya Nduta, ikagoma. Kompyuta ilikuwa moja tu, imewekwa Kifaransa. Skripti ilifikiri kidogo, ikaandika: Toleo halijulikani.

Mbona mimi nililijua? Niliandika kwa mkono amri ya kuuliza toleo, mashine ikajibu vizuri kabisa: version, na namba zake. Hata Kiingereza huandika neno hilo hilo. Nikarudia skripti, haikujua. Nikabadilisha flashi. Nikazima, nikawasha. Nikashuku virusi, nikashuku umeme wa sola, mwisho nikajishuku mwenyewe.

Meza ya pili alikaa mwalimu mkuu msaidizi, mama wa makamo aliyefundisha Kifaransa kwao Burundi. Alikuwa akisahihisha imla. Aliniuliza kama nimekula, kisha akauliza kinachonisumbua. Nilimweleza kwa adabu tu, sikutegemea msaada. Akavuta kiti, akaomba aone nilichoandika mimi na kilichoandikwa na mashine. Kalamu yake nyekundu ikasimama mbele ya kioo.

“Mwalimu,” alisema, ingawa mimi si mwalimu, “juu ya nini V yako ni kubwa?”

Yaani kwa nini; bado sikumwelewa. Nikasoma tena. Skripti yangu ilitafuta Version, kwa herufi kubwa, kama mashine za Kasulu zinavyoandika. Hii ya Kifaransa iliandika kwa ndogo, na kwa skripti V na v ni herufi mbili tofauti.

“Lakini ni neno lile lile, mama.”

“Kwako ni lile lile. Mutoto akiniandikia hivi katikati ya sentensi, namukata alama.”

Nililifuta neno lote, nikaiambia skripti isome namba peke yake. Programu ikaingia. Badala ya kufurahi nilijiuliza nilikuwa nikitazama nini muda wote ule.

Nikaanza kumweleza habari za matoleo, akanisikiliza mpaka mwisho. Alichotaka kujua ni kimoja: watoto waliokwisha rudi Burundi, majina yao yatabaki humo kwenye orodha au yatafutika? Hakuna aliyeniambia, wala mimi sikuwahi kuuliza.

Niliporudi Kasulu nilimuuliza mkuu wangu. Naye hakujua, akanishauri niwaandikie wakubwa wa mkoani. Nimewaandikia mara mbili, bado nangoja.