Siku Niliyokwenda Kukagua Chuo kwa Buibui la Shangazi

Kuna mambo ambayo ni afadhali mtu ayasimulie mwenyewe, na hili langu watu wa Kibokoni wamelisimulia vya kutosha, tena kwa chumvi tele, kwa hivyo leo nalisema mimi, ijapokuwa uso unanichoma: nilimvunjia shangazi yangu eda, na yeye hakukanyaga hata kizingiti.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati kila ghorofa iliyokosa mpangaji pale Mombasa iligeuzwa chuo. Nilikuwa nimemaliza shule na nilitaka kusomea uchumi. Nairobi baba alikataa katakata, kwa hivyo zikabaki njia mbili, chuo kimoja kule Makupa na kingine Bondeni juu ya duka la nyuzi na vifungo. Baba akaniambia, "Zuhura, chagua mwenyewe, lakini uchague kwa akili. Na nikisikia jina la nyumba hii limetajwa ovyo kwa sababu ya chuo, basi chuo kimekwisha."

Mimi nilikipenda cha Bondeni, ila nilikishuku. (Kushuku ndiyo tabia yangu, hata samaki nikinunua namtazama kwanza muuzaji.) Nilikuwa nimekwenda mara mbili kuomba kuona wanafunzi wakisoma, na mara zote mbili mkuu wa chuo, bwana mmoja mnene mwenye tai, alinizuia ngazini akisema, "Wako kwenye mtihani, binti." Mtihani gani huo usiokwisha? Na chaki mezani kwake, pale juu ya ngazi, zilikuwa nzima, hakuna hata moja iliyovunjika. Watu walikwisha kuliwa karo na vyuo vya namna hiyo, wakaja siku ya pili wakakuta kufuli.

Basi nikaamua kwenda mara ya tatu, ghafla, bila kujulikana. Hapo ndipo nilipokosea. Buibui langu halikuwa na nikabu, la mama alikuwa amelivaa mwenyewe, na msumarini chumbani kwa shangazi Mwanaisha lilining'inia buibui lake, limekaa bure, kwa sababu shangazi alikuwa amefiwa na mumewe na yuko eda, ndani kwa nguo nyeupe, hatoki. Alikuwa amelala. Nikasema moyoni, lina hasara gani? Nikalivaa, nikashusha nikabu, nikatoka.

Jambo nililolisahau ni kwamba buibui lile lilikuwa na utepe wa darizi ya fedha mikononi, ambao marehemu alimwagizia mkewe kutoka Dubai. Mji mzima haukuwa na la pili.

Nilipofika chini ya ngazi za chuo, Bwana Karimu, mwenye duka la nyuzi, akainua kichwa. Akatazama mikono yangu, kisha akasimama kwa heshima.

"Bi Mwanaisha! Pole sana na msiba. Mungu amrehemu."

Sasa, ningesema neno angenijua kwa sauti, maana nimetumwa nyuzi dukani kwake tangu utoto, na angemwambia baba. Nikaitikia kwa kichwa.

"Lakini... eda imekwisha, siyo?"

Nikaitikia tena, kwa nguvu zaidi. (Mpaka leo hilo la pili ndilo linaloniamsha usingizini.) Kando yake alikuwa Bi Rehema, jirani yetu wa Kibokoni, anachagua vifungo. Mkono wake ukasimama ndani ya kopo. Mimi nikapanda ngazi.

Na juu nikakuta nini? Darasa. Darasa la kweli, limejaa, mwalimu amechora mistari miwili ubaoni na anauliza, mvua ikizidi Taita na nyanya zisifike Marikiti, bei itakwenda wapi na mnunuzi atafanyaje? Nilisimama mlangoni nikasikiliza, nikasahau kuwa nimejificha. Mkuu wa chuo akaja mbio, akaniona nimefunikwa gubigubi, sisemi, natazama kila pembe, naye akanishuku mimi.

"Bibi, umetumwa na wizara?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi umetumwa na wale wa Makupa! Waambie sisi hatuna la kuficha!"

Nikageuka nikashuka. Dukani Bi Rehema hakuwapo tena, na vifungo alikuwa ameviacha mezani. Hapo nikaingiwa na wasiwasi, lakini nilijua nimechelewa. Habari kwetu hupelekwa na watu wanaoanza kwa kusema "mimi sipendi kusema," na hao ndio wenye miguu myepesi kuliko wote.

Yaliyotokea nyumbani nilihadithiwa baadaye. Wanawake wa mtaani walikuwa wamekuja kumliwaza shangazi, wanangoja aamke. Bi Rehema akaingia anahema.

"Jamani, mimi sipendi kusema. Lakini Bi Mwanaisha nimemuona Bondeni sasa hivi, apanda ngazi kwenda kwa mwanamume mwenye tai."

"Nani kapanda ngazi?" Shangazi alikuwa amesimama mlango wa chumbani, kwa nguo zake nyeupe, usingizi bado machoni.

Wote wakamgeukia Bi Rehema. Kisha bibi mmoja mzee akasema kwa sauti ya chini, "Kama wewe uko hapa, basi aliyeko kule si mtu." Wakaanza kusoma Ayatul Kursi, na walikuwa katikati ya aya nilipoingia mimi na lile buibui.

Sijawahi kusikia ukelele kama ule. Birika la kahawa likapinduka, mmoja akapanda kitandani na viatu. Wanaume wakatoka barazani wakaja hadi dakani, pale ukumbi wa kuingilia ndani, baba mbele, "Hodi! Kuna nini humo?" Ikabidi niinue nikabu mbele ya wote.

"Ni mimi. Nilikwenda kukagua chuo."

Waliocheka walicheka, ila shangazi hakucheka. Alilivua mwenyewe buibui mwilini mwangu, polepole, akalikunja.

"Zuhura," akasema, "kumpikia siwezi tena, kumfulia siwezi. Nimebakiwa na eda hii tu ya kumfanyia mume wangu. Nayo umenitolea nje."

Nikalia pale pale, mbele ya watu.

Siku iliyofuata mama alinitembeza nyumba hadi nyumba, na dukani kwa Bwana Karimu pia, nieleze kwa kinywa changu kwamba shangazi hakutoka. Usiku baba akaniita.

"Baba, chuo kile ni cha kweli. Nimekiona. Wanasoma hasa."

"Nakuamini," akasema. "Basi watasoma wengine. Ngazi zile jina la dada yangu limeshapandishwa, wewe hutazipanda tena."

Nikapelekwa Makupa. Mkuu wa huko akaniuliza kwa nini nimechagua chuo chake, na mimi, niliyekuwa na maswali ya kuwauliza walimu wa dunia nzima, nikajibu, "Baba amekipenda." Akafurahi, akaniandikisha. Mwalimu wa uchumi alikuja muhula wa pili.

Tangu hapo nikishuku kitu nabisha hodi, nasema jina langu, nauliza. Wakinidanganya, wamenidanganya mimi peke yangu.