Siri ya Mlo Mmoja

Buakaeo alikuwa mtu wa maneno machache. Kijijini kwake, kando ya Mto Nan, watu walimjua kwa soya zake kuliko kwa sauti yake. Alizichemsha, akazivundika, akazisaga na kuzitandaza duara duara juani mpaka zikauke, na mchuzi usiotiwa kipande chake haukuhesabiwa kuwa mchuzi. Mumewe, Inson, alipooza upande mmoja akalala kitandani miaka mitatu. Buakaeo alimgeuza, akamwogesha, akamlisha uji. Yeye mwenyewe alikula kilichopoa, tena wima, maana hakujua ataitwa saa ngapi.

Inson alikata roho asubuhi moja, jua limeshapanda. Siku ya mazishi mtoto wao wa pekee, Wisut, aliyekuwa akiuza simu mjini, alinyolewa nywele akavishwa joho la mtawa wa Kibudha ili thawabu zimfikie baba yake. Ilikuwa alivae siku chache tu, kama desturi. Hakulivua. Akajaliwa ulimi wa kuhubiri, watu wakaanza kuja kutoka vijiji vya mbali kumsikiliza. Mama aliyembeba mgongoni akawa anampigia magoti, wala hakuona taabu. Aliona fahari.

Siku moja alipopeleka chakula hekaluni, alimkuta Wisut peke yake anafagia majani uani.

"Mama, una jambo linakukaa moyoni," Wisut akamwambia. "Liseme tu, uliachilie."

Alisema kwa upole, kama zamani alipokuwa mtoto anamwuliza kwa nini analia. Buakaeo akaketi chini, akasema.

"Siku ile baba yako alipofariki, sikumwita mtu kwanza. Nilikuwa na samaki jikoni, ndiyo kwanza ameiva. Nikamfunika baba yako, nikarudi jikoni, nikala. Nilimmaliza samaki mzima na wali wa kunata, moto moto, na hakuna aliyeniita. Chakula kilikuwa kitamu, mwanangu. Ndipo nikaenda kumwita shangazi yako."

"Umefanya vyema kusema," Wisut akamwambia. Buakaeo akarudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Siku ya kwanza ya mfungo wa masika, miezi mitatu ambayo watawa hutulia hekaluni, ukumbi wa hekalu ulijaa hadi ngazini, na kipaza sauti kikapeleka mahubiri mpaka mashambani. Wisut alihubiri juu ya kuitazama nafsi bila kuihukumu.

"Kuna mwanamke mmoja," akasema, "mumewe amekufa baada ya kuuguzwa miaka, hata mwili haujapoa, yeye ameketi jikoni anakula samaki. Tena anausikia utamu wake! Msimcheke. Njaa haijui msiba. Imekuja, imepita. Huyo mwanamke ametufundisha kuliko vitabu."

Watu wakacheka kidogo. Kisha kicheko kikakatika, na vichwa vikaanza kugeuka, kimoja baada ya kingine. Buakaeo alikuwa ameunganisha viganja kifuani kwa heshima, akashindwa kuvishusha. Wifi yake, Nuanla, dada wa marehemu, alikuwa ameketi naye goti kwa goti. Hakugeuka kumtazama.

"Kumbe," Nuanla akasema chinichini. "Na mimi nilikuja mbio, bila viatu."

Salamu ya kule ni moja: umeshakula? Ni neno la kupita tu, hakuna anayengoja jibu. Tangu siku ile walingoja. Sokoni muuza mboga alimwuliza huku anatabasamu, "Umeshakula, shoga? Leo mboga, au samaki tena?" Wenzake wakaangalia pembeni wakizuia kicheko. Nuanla akaacha kupita kwake.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na ya Buakaeo ilikuwa nguo aliyoipiga pasi yeye mwenyewe. Hata hivyo hakwenda kumlaumu mwanawe mbele za watu. Alingoja mpaka alipomkuta tena uani.

"Mtukufu," akamwita, "siku ile nilisema na mtawa, au nilisema na mwanangu?"

"Sikutaja jina, mama."

"Aliyeuguza mume miaka mitatu kijiji hiki ni nani mwingine?"

Wisut aliegemeza ufagio ukutani. "Nilikusifu. Mama, hiyo aibu ni ya nafsi, na nafsi yenyewe ni kivuli. Ukitazama vizuri, hakuna 'mimi' wa kuumizwa."

"Kama hakuna mimi," Buakaeo akasema, "mbona hukusimulia ya kwako? Miaka mitatu ulikuja kumwona baba yako mara mbili. Hilo nalo ni funzo."

Masikio ya Wisut yaliiva yakawa mekundu, kama utotoni aliposhikwa na kosa. Angesema "nisamehe" pale, huenda yangekwisha. Alisema, "Nitalitafakari." Akachukua ufagio wake.

Buakaeo naye alijaribu kutafakari. Aliketi sakafuni kama alivyofundishwa, akaingoja hasira ije, aitazame, ipite. Ilikuja na sura ya mtoto wa miaka minne mwenye makamasi, naye hakujua aifanye nini. Ikakaa.

Mfungo ulipokwisha, Wisut akaitwa kwenye hekalu kubwa la mjini. Alikuja kuaga, akaketi kwenye mkeka wa wageni, mama akamwandalia chai. Alipomaliza chai, Wisut akauliza kwa sauti ileile ya upole, "Mama, una jambo lolote moyoni kabla sijaondoka?"

"Sina," Buakaeo akajibu.

Tangu mwanawe avae joho, huo ndio uliokuwa uongo wa kwanza aliomwambia. Akampigia magoti mara tatu kama inavyopasa, akamsindikiza hadi barabarani. Gari lilipoondoka alisimama pale kwa muda, kisha akashika njia ya kwa Nuanla, bila kujua kama atafunguliwa mlango.