Amri ya Kuiuliza Programu Inakaa Wapi

Mwaka ule Warundi walipokuwa wakishushwa bandarini Kigoma kutoka Kagunga, kijiji cha mpakani, meli baada ya meli, kazi yangu ilikuwa kuitunza programu iliyomhoji kila mmoja wao: unatoka wapi, unakwenda wapi, unakaa wapi. Programu ilikuwa kali. Asiyetaja makazi hakuvuka kwenda ukurasa wa pili, hata kama makazi yake yalikuwa turubai aliloketi juu yake.

Kisha toleo jipya likawekwa kwenye vishikwambi, na picha zote za watoto waliokutwa peke yao Kagunga zikageuka miraba ya kijivu.

Mama mmoja alikuja ofisini kila asubuhi. Binti yake mdogo alimponyoka mkononi watu walipogombea mitumbwi ya kuwafikisha melini. Tulimtafuta mtoto kwa jina la ubatizo, bila mafanikio. Watoto wadogo kama yeye huitikia jina la nyumbani tu, na huyu, mbele ya wageni, inaelekea hakuitika lolote. Wasichana wadogo wasio na jina walikuwa wengi. Picha pekee ndiyo ingemtambulisha.

"Picha zipo, mama," mkuu wangu alimtuliza, "ila hazionekani."

"Ego," alijibu kwa Kirundi, yaani ndiyo, kisha akahamia Kiswahili asije akakosa kueleweka. "Na mwanangu yupo, mzee. Ila haonekani."

Mkuu akanigeukia mimi, kama ilivyo desturi ya wakuu.

Niliunganisha kishikwambi na kompyuta, nikafungua dibaga, chombo cha kuisimamisha programu katikati ya kazi na kuihoji yenyewe. Kila swali lilidai maelezo marefu ya kuchosha, na vishikwambi vilikuwa vingi. Kwa hiyo nikaiongezea dibaga amri fupi za kwangu: moja ichapishe njia, yaani anwani, ya folda ya nyaraka, nyingine njia ya nyumba nzima ya programu, folda inamokaa na vitu vyake vyote. Nikaandika ya kwanza. Likatoka jibu refu la herufi na tarakimu, lisilofanana na anwani zilizohifadhiwa pamoja na picha.

Nilicheka peke yangu. Toleo jipya lilipowekwa, programu ilihamishwa nyumba pamoja na vyombo vyake vyote. Lakini aliyeiandika alikuwa ameipa kila picha anwani kamili ya nyumba ya zamani. Programu iliyowahoji wakimbizi wote haikujua inakokaa.

Mkuu alizipenda mno amri zangu. "Hebu iambie itaje tena," alisema, mama wa watu amesimama mlangoni. "Hii lazima wageni wa makao makuu wakija waione."

"Bosi, ngoja kwanza nifungue picha."

Nilizifungua kutoka nyumba mpya, moja moja. Mama alitikisa kichwa, akatikisa tena, kisha akanikamata mkono nisiendelee. Kwenye kioo alikuwapo binti mwenye kamasi, amenuna, nywele zimesukwa upya.

"Nani kamsuka hivi?" aliuliza kwa ukali, kana kwamba msusi nimemwajiri mimi. "Kamvuta mno. Tazama macho!"

Namba iliyokuwa chini ya picha ilituonyesha alikopelekwa: kambini, kwa mlezi.

"Basi la kambini ni kesho, dada," nikamwambia.

"Kesho? Na leo alale kichwa kinamuuma?"

Mkuu, aliyekuwa ameshakohoa tayari kwa hotuba fupi, alifunga mdomo, akaenda kututafutia gari.